Mwache Akuambie Habari za Fisi

Leo naanza na fisi.

Aliyelelewa kwa hadithi za bibi anamjua fisi vizuri. Ni mlafi na mjinga, sungura humdanganya leo na kesho akamdanganya tena kwa hila ile ile. Tena hawindi. Husubiri simba ale ashibe, ndipo ajikokote kuokota mifupa. Hiyo ndiyo elimu ya fisi tuliyo nayo wengi wetu, na haijatuzuia kuishi.

Sasa mkalishe mbele yako mtoto wa darasa la tano aliyepewa wiki mbili za kumchunguza fisi. Atakuambia mengine kabisa. Atakuambia kwamba katika miaka ya 1960 mtafiti mmoja wa Kiholanzi, Hans Kruuk, alikuwa akikesha Serengeti na Ngorongoro akiwafuata fisi madoa gizani, kwa sababu fisi ni mtu wa usiku. Mgeni aliyeingia kreta asubuhi alimkuta simba juu ya mzoga na fisi wamemzunguka wakisubiri, akajiandikia kwamba simba kaua, fisi wanaomba. Aliyekesha aliona kilichotangulia: mara nyingi fisi ndio waliomwangusha nyumbu, simba akaja kuwapora. Kisha mtoto ataongeza, na hapa atatabasamu hasa kama ni msichana, kwamba mkubwa katika ukoo wa fisi ni jike. Jike ana mwili mkubwa kuliko dume, na dume mgeni akijiunga na ukoo anaanzia mwisho wa foleni.

Isikilize sauti ya mtoto huyo anapoyasema. Hakuna aliyemwambia apaze sauti. Imepanda yenyewe, kwa kuwa ana kitu ambacho wewe huna na anajua kwamba huna. Jambo langu la leo ni hilo: kujiamini kwa mtoto, na kwa nini wanyama ni mlango mzuri wa kufikia hapo.

Tumezoea kumwambia mtoto “jiamini”. Inua kichwa, usitetemeke, ongea tukusikie. Mtoto anajua kabisa kwamba anatetemeka. Kumtangazia mbele ya wenzake hakumpunguzii hata kidogo. Mara nyingi shida yake si koo. Hana la kusema ambalo ni lake. Tumemsimamisha mbele ya watu arobaini, au themanini kwa madarasa yetu, ayarudie maneno ambayo wote wanayo kwenye daftari, na mwalimu anayajua kuliko yeye. Hata mtu mzima angenywea.

Jukwaa shuleni tunalo, siwezi kukataa. Siku ya mahafali watoto wanapangwa mstari, mgeni rasmi ameketi, ngonjera inaanza. Mikono inapungwa kwa pamoja, wazazi wanapiga vigelegele, na mimi nikiwa pale nitapiga makofi kama wengine kwa kuwa ngonjera ni sanaa yetu na ina raha yake. Ila tusiihesabu kuwa ni mafunzo ya kujieleza. Maneno kayatunga mwalimu. Mtoto akisahau mshororo mmoja, anakwama palepale na macho yake yanamtafuta mwalimu, maana alichokishika ni mpangilio wa maneno na mpangilio umekatika. Aliyemtazama mjusi ukutani wiki nzima akisahau neno ataeleza kwa vidole. Ataonyesha jinsi nyayo za mjusi zilivyo na vinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyomshikiza hata darini bila gundi yoyote. Mkimruhusu ataujaribu huo ukuta yeye mwenyewe.

Mbona wanyama, basi, na si barabara au benki? Jibu rahisi ni kwamba watoto wanawapenda, na ni kweli. Ila mimi naona kuna sababu nyingine iliyo kwenye malezi yetu, na ningependa tukae hapo kidogo.

Mtoto wa kwetu anafundishwa kuamkia, kupokea kwa mikono miwili, kunyamaza wakubwa wanapozungumza. Sina ugomvi na hayo, nami nimelelewa hivyo hivyo. Lakini mtoto huyo huyo akifika kidato cha kwanza tunamtaka asimame atoe hoja, na akienda kwenye usaili wa kazi tunamtaka ajieleze kwa watu wazima watano asiowajua. Atakuwa amejifunzia wapi? Mambo ya ukoo, neno la mtoto ni utovu wa adabu. Mambo ya dini, akae asikilize. Fedha za nyumbani, asiguse. Kila anapogeuka kuna mkubwa mwenye mamlaka juu ya jambo hilo.

Juu ya fisi hakuna mwenye mamlaka. Mtoto anaweza kumwendea babu yake akasema, “Shikamoo babu. Watu wanasema fisi hawindi, lakini nimesoma kwamba anawinda mwenyewe usiku. Wewe uliwahi kuona?” Heshima ya babu haijapungua hata punje, kwa sababu kinachosahihishwa ni sifa ya fisi. Na babu, kama alikuwa mfugaji, huenda akacheka aseme, “Nani kakwambia sijui? Walimwangusha ndama wangu nikiwasikia.” Hapo yameanza mazungumzo baina ya watu wawili ambao kila mmoja ana lake la kuchangia. Mtoto ameongea na mkubwa kama mwenye habari, na dunia haijaanguka. Akishalionja hilo mara moja, atalitafuta tena.

Nije kwenye kisa cha kweli, kilichotokea Kitengela, kusini mwa Nairobi, mahali ambapo mbuga ya taifa haina uzio na wanyama wanatoka kwenda malishoni kama wenyeji wengine. Huko aliishi mvulana wa Kimaasai, Richard Turere. Tangu akiwa mdogo, kazi yake ilikuwa kuwatunza ng’ombe wa baba yake, na simba walikuwa wakiingia zizini usiku. Siku moja alimkuta fahali wa pekee wa nyumbani kwao ameuawa. Mwenyewe alisema baadaye kwamba aliwachukia simba. Ningeshangaa kama asingewachukia.

Alianza na moto, akidhani simba wanauogopa. Moto ukawamulikia zizi wakaona vizuri zaidi. Akasimamisha sanamu la mtu. Usiku wa kwanza simba walikuja wakaliona wakarudi. Usiku wa pili wakagundua kwamba kitu hiki hakisogei, wakaingia wakala. Kisha usiku mmoja akawa anazunguka zizi na tochi mkononi, na usiku huo simba hawakuja. Hapo alipata alichokuwa akikitafuta: simba huogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kile kifaa kinachofanya indiketa ya pikipiki iwakewake, na taa za tochi mbovu, akazipanga kuzunguka zizi zikawa zinawaka kwa zamu. Kwa simba aliye nje gizani ni kama mtu anayezunguka boma usiku kucha, kumbe Richard kalala. Alikuwa na miaka 11. Majirani wakamwomba awafungie na wao, na taa hizo zikaenea sehemu nyingine za Kenya.

Ufundi huo wa umeme, kwa taarifa yenu, aliupata kwa kuvunjavunja vitu vya nyumbani, ikiwemo redio mpya ya mama yake. Anasema siku hiyo mama nusura amuue. Sisi watu wa redio tunaipokea habari hiyo kwa hisia mchanganyiko.

Ninachotaka mkitazame ni kilichofuata. Waandaaji wa mikutano ya TED walimsikia, wakataka akakieleze kisa chake California, Februari 2013, mbele ya ukumbi uliojaa wanasayansi na matajiri. Mvulana mwenyewe alikuwa mwenye haya sana. Mkuu wa mikutano hiyo wakati huo, Chris Anderson, ameandika kwamba Richard alipoanza kueleza, Kiingereza chake kilikuwa cha kukwamakwama na mwili umejikunja kwa wasiwasi. Hawakumwambia ajiamini. Walimsaidia kuamua aanze wapi na aseme kipi baada ya kipi, akakirudia kisa hicho tena na tena mbele ya watu wachache kabla ya wengi. Siku ilipofika bado alikuwa na wasiwasi, inaonekana. Lakini alisimama akasema, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Hofu haikuondoka ndipo akasema. Alisema nayo ikiwepo, kwa sababu habari ya simba na mwanga ilikuwa yake. Kila neno alikuwa amelilipia kwa usingizi wake.

Wengi watasema, huyo ni kipaji, mwanangu mimi anaogopa hata kumwambia konda kwamba anashuka. Sawa. Basi tuangalie upande wa mzazi, maana huko ndiko kuna kazi.

Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, tunamkumbuka kwa sokwe wa Gombe, kule Kigoma, alikofika mwaka 1960 bila shahada yoyote ya chuo kikuu. Lakini yeye mwenyewe alipenda kusimulia kisa cha banda la kuku. Akiwa na miaka minne hivi, Uingereza, shambani, alitaka kujua yai linatoka wapi, maana kwa kumtazama kuku hakuona tundu la kutosha. Hakuna mkubwa aliyempa jibu la maana. Akaingia bandani, akajificha kwenye majani makavu, akasubiri saa kadhaa. Nyumbani wakamtafuta hadi polisi wakaarifiwa. Jua linakaribia kuzama, mama yake, Vanne, anamwona mtoto anakuja mbio na majani kichwani.

Wazazi wenzangu, semeni ukweli: mimi na wewe tungefanya nini? Fimbo ingekuwa tayari. Mama yule aliyaona macho ya mtoto, akaketi, akaisikiliza habari yote ya jinsi kuku anavyotaga yai. Goodall alisema maisha yake yote kwamba hapo ndipo alipozaliwa mwanasayansi. Miaka ishirini na kitu baadaye, alipokwenda Cambridge na wakubwa wakamwambia amekosea kuwapa sokwe majina, ilimpasa awape namba, hakuyumba. Alikuwa amewaona. Alikuwa amemwona David Greybeard, sokwe mwenye kidevu cheupe, akichomeka ujiti kwenye kichuguu na kuwavua mchwa, wakati ambapo vitabu vilifundisha kwamba ni binadamu peke yake anayetumia na kutengeneza zana. Na mwaka 1991, kwenye baraza ya nyumba yake Dar es Salaam, wanafunzi 12 walimjia na maswali yao juu ya wanyama na mazingira. Akakaa akawasikiliza. Kikao hicho ndicho kilichozaa Roots & Shoots, vikundi vya watoto na vijana ambavyo leo viko katika nchi nyingi duniani.

Kwa hiyo mtoto anahitaji mnyama, na anahitaji mtu wa kuketi. La kwanza ni rahisi. Si lazima kwenda mbugani. Kiingilio, gari na chakula cha njiani ni bajeti ya mwezi kwa wengi wetu. Mnyama wa karibu ni bora, kwa kuwa anaweza kutazamwa kila siku. Ukiwa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, mpe kunguru. Yule mweusi mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji: aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili asafishe takataka, na tangu hapo hakuomba ruhusa ya kuvuka bahari. Mtoto aende na daftari ahesabu kunguru jalalani asubuhi na jioni. Amwulize mama ntilie wamemwibia nini. Amwulize jirani afugaye kuku vifaranga vimekwenda wapi. Amwulize bibi kama utotoni mwake walikuwa wengi hivi.

Kisha mfundishe jambo moja, ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko mengine yote. Kila anachoandika akianze kwa moja ya maneno haya: nimeona, nimeambiwa, nimesoma. “Nimeona kunguru wawili wakimfukuza mwewe.” “Nimeambiwa na bibi kwamba zamani hawakuwepo kijijini.” “Nimesoma kwamba walitoka India.” Inaonekana kama mchezo. Lakini mtoto anayejua habari yake kaipata wapi hatishiki akibanwa. Akiulizwa “una uhakika gani?” ana pa kurudi. Ikitokea alichoona kinapingana na alichosoma, mwambie hongera, sasa ana swali.

Na swali huwa zuri kuliko orodha ya sifa. Nimesikia watoto wengi wakisoma: twiga ni mnyama mrefu, anakula majani, anaishi mbugani. Darasa linasinzia. Jaribu hivi: kwa nini kima punju anakula makaa? Kima punju ni yule kima mwekundu wa Unguja, wa msitu wa Jozani, asiyekuwa na makazi ya asili kwingine popote duniani. Anaokota mabaki ya makaa hata kwenye matanuri ya wachoma mkaa, akatafuna. Watafiti waliomchunguza katika miaka ya 1990 walieleza kwamba majani ya miembe na mikungu anayoyapenda yana kemikali zinazosumbua tumbo, na makaa huzinyonya. Mtoto akianza na swali hilo, hata wale wa nyuma wanaonyosha miguu watainua vichwa. Na msemaji akiviona vichwa vinainuka, mabega yake yanashuka yenyewe.

Hadhira ianze ndogo. Amweleze mdogo wake kwanza, maana mdogo hachoki kuuliza na hacheki lafudhi. Halafu watu wa nyumbani wakati wa chakula. Kwa mwenye haya kupita kiasi, simu ya mama inatosha: ajirekodi dakika mbili, ajisikilize, afute, arudie. Hata humu studioni ndivyo tulivyoanza, na wako watangazaji mnaowapenda ambao mikono yao ilikuwa baridi miaka mingi baada ya kuajiriwa. Siwataji.

Lugha pia. Kama kunguru alimwona kwa Kiswahili, aachwe aseme kwa Kiswahili. Kama alimwona kwa Kihaya au Kidigo, nyumbani aseme hivyo hivyo. Kiingereza cha kidato cha kwanza kitakuja, na kitamkuta mtu aliyekwisha kuzoea kueleza jambo tangu mwanzo hadi mwisho. Tunapomtaka ajifunze kusimama mbele za watu na papo hapo ajifunze lugha, tunamtwisha mizigo miwili, kisha tunasema mtoto ni mzito.

Nina neno kwa wazazi wa Kenya na hii mitaala ya umilisi, na wa Tanzania msicheke, nanyi mmeanza. Mtoto anapewa kazi ya kumchunguza mnyama, na saa tatu za usiku mzazi ndiye yuko saiba au steshenari anachapisha picha za rangi, anakata, anabandika. Asubuhi kazi inapendeza sana. Mtoto akiulizwa swali la kwanza anatazama chini, kwa sababu aliyefanya utafiti ameshakwenda kazini. Bango lililochorwa vibaya na mtoto, tembo akiwa na miguu mitano kwa kuwa mkonga ulimchanganya, lina thamani kuliko hilo lako. Walimu, mkilipa alama zaidi bango la rangi mnatuchochea sisi wazazi tuendelee.

Na maswali yetu sisi wakubwa. Kuna swali la mtihani, ambalo jibu lake liko mfukoni mwa muulizaji, na mtoto analijua kwa sauti tu. “Haya, fisi ana miguu mingapi?” Hilo linamrudisha kwenye benchi. Kuna swali la mtu asiyejua na anayetaka kujua: “Hivi wale fisi walijuaje kwamba simba anakuja? Kwa nini hawakumfukuza?” Muulize hilo, halafu nyamaza. Usimsaidie kumalizia sentensi. Akisema “sijui, nitaangalia”, kubali kama jibu kamili, na keshokutwa mkumbushe alete alichokiona. Darasani, mwalimu aweke sheria moja tu kuhusu kucheka: tunacheka na msemaji akicheka.

Tahadhari nayo, kwa ufupi. Kutazama si kushika. Nyoka hatazamwi kwa karibu, popo haokotwi akianguka, mbwa asiyejulikana haendewi. Na mnyama asifungwe kwenye chupa kwa ajili ya somo. Kinyonga aliyefungiwa haonyeshi hata kimoja cha vile vinavyomfanya awe kinyonga.

Kwa walimu wanaotaka wenzao wa kushirikiana nao, vikundi vipo na vina umri. Wildlife Clubs of Kenya zilianza mwaka 1968 kwa msukumo wa wanafunzi wenyewe, na Tanzania kuna Malihai Clubs tangu mwaka 1980. Ulizeni shule za jirani; huenda kuna klabu imelala ambayo inasubiri mwalimu mmoja aifungulie mlango siku ya Ijumaa.

Kabla muda haujanitupa, kuna mama mmoja aliniuliza afanyeje, maana mwanawe alimchagua mende. Nyumba nzima ina wageni, na mtoto anataka kueleza habari za mende. Nilimwambia amwache. Mende anaweza kuishi siku kadhaa baada ya kukatwa kichwa, kwa kuwa anapumua kwa vitundu vilivyo ubavuni na si kwa pua kama sisi. Hebu fikirieni wageni hao wakitoka pale na habari hiyo. Na wiki ijayo, mtoto akisema amemchoka mende na sasa anataka nyigu, mpe ukurasa mpya na umwoneshe nyigu kwa mbali.